Jinsi ya kuandika kibao ambacho watu watakisoma bila kukipiga picha

Kila wiki kuna kijana ananitumia picha ya kibao alichokiandika mwenyewe, chini yake swali lilelile: "Fundi, mbona wanacheka?" Naangalia, nacheka na mimi, halafu namjibu. Nimeandika vibao hapa Kigoma, mitaa ya Mwanga, Gungu na Ujiji, kwa miaka mingi, na majibu yangu yamekuwa yaleyale mpaka naona bora niyaweke sehemu moja. Ukiniuliza tena baada ya hapa nitakutumia huu mwongozo na kurudi kwenye brashi yangu.

Jambo moja ulijue kabla ya kununua rangi. Kibao kikichekwa, anayechekwa ni fundi. Mwenye duka ndiye aliyekupa maneno, ndiye aliyekuharakisha, ndiye aliyegoma kulipia ubao mkubwa, lakini siku watu wakisimama na simu mkononi atasema, "Aliandika yule kijana." Kwa hiyo maneno nayo ni kazi yako.

Unachohitaji

Bati bapa au plaiwudi. Bati linavumilia mvua zetu, plaiwudi inavimba pembeni na kufumuka ukiisahau nje kuanzia Novemba hadi Aprili. Rangi ya mafuta ya rangi mbili, praima ya bati, thina ya kuoshea brashi, msasa laini, sabuni ya unga. Brashi bapa mbili, ya inchi moja na ya nusu inchi, na ndogo ya kumalizia kona. Futikamba, penseli, uzi wa kupigia mistari na chaki. Robo lita ya rangi ya chini inatosha kibao cha futi 2 kwa 4 kwa mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, na inabaki.

Kingine ni karatasi na kalamu. Hiki ndicho wanaoanza wanakiruka, nacho ndicho cha bei rahisi kuliko vyote.

Hatua

1. Mwandikishe mteja maneno yake, halafu muulize anataka msomaji afanye nini.

Usikubali kuambiwa kwa simu. Mteja aandike kwa mkono wake, karatasi ubaki nayo. Kisha swali: anayesoma aingie, apite, alipe, au aache? Ukipata jibu, kata maneno yote yasiyosaidia jibu hilo. Kibao cha mtu anayepita kwa bodaboda kisizidi maneno saba. Nimewahi kuletewa tangazo la choo lenye maneno arobaini na kitu, limeanza na salamu. Mtu aliyebanwa hana muda wa salamu.

Angalia pia maneno ya adabu yanayobandikwa kila mahali bila kufikiri. "Asante, karibu tena" ni nzuri kwenye genge. Kwa muuza majeneza, iache.

2. Kikague kitenzi, herufi kwa herufi.

Hapa ndipo vicheko vingi vinapozaliwa, na hapa nitakaa kidogo.

Kiswahili kinaweza kumgeuza mteja kuwa mboga kwa herufi moja tu. Muuza kuku alitaka kusema kwamba ukinunua kuku kwake, anakuchinjia bila malipo. Kibao kikatoka hivi:

TUNACHINJA WATEJA BURE

Iliyopungua ni *i* moja. *Tunachinjia* wateja, unamfanyia mteja kazi. *Tunachinja* wateja, umemaliza biashara siku ya kwanza. Ugonjwa huohuo unaupata kwa mama lishe (TUNAPIKA WAGENI WA AINA ZOTE), kwenye mashine ya unga (TUNASAGA WATEJA KWA HARAKA) na kwenye duka la jumla (TUNAUZA WATEJA WA JUMLA NA REJAREJA). Sahihi ni tunawapikia, tunawasagia, tunawauzia. Kila unapoona neno *mteja*, *wageni* au *watoto* linafuata kitenzi, simama ujiulize: huyu mtu anafanyiwa kazi, au ndiye anayeingizwa kwenye sufuria?

Mafundi wa mageti nao: TUNACHOMA MILANGO NA MADIRISHA. Anayechoma milango anatafutwa na polisi. Ninyi *mnachomelea*.

Kuna ambacho hakichekeshi sana lakini kinapoteza hela. Duka limehama, mwenyewe anabandika kwenye mlango wa zamani: TUMEHAMA GUNGU. Anamaanisha yuko Gungu sasa. Msomaji anaelewa kwamba ameondoka Gungu, na kama mlango wenyewe uko Katubuka anabaki ameduwaa. *Tumehamia* Gungu. Herufi ileile moja.

Halafu ukutani: USIKOJOE UKUTA. Ndugu yangu, nani anaweza kukojoa ukuta? Hata mwenye mawe kwenye figo hafiki huko. Sema USIKOJOLEE UKUTA HUU, au kwa urahisi, USIKOJOE HAPA.

Na *w* ya kutendwa ikizidi mahali pake ni balaa nyingine. Nimeona kwenye meza ya asali ya Tabora: WATEJA MNARUHUSIWA KUONJWA. Sikuonja, na sikusubiri kuonjwa.

3. Unganisha kinachoungana.

Nyumba nyingi siku hizi zina maandishi ya "nyumba hii haiuzwi", kwa sababu ya matapeli wanaouza nyumba za watu, na kwa sababu ya ndugu wanaogombana baada ya mzee kufariki. Ni kazi ya kila mwezi kwangu. Na kila mwezi naletewa karatasi imeandikwa NYUMBA HII HAI UZWI. Ukiisoma kama ilivyo, nyumba hii iko hai, na huyo Uzwi sijui ni nani. Kiambishi cha kukanusha kinashikana na kitenzi: haiuzwi, hairuhusiwi, hapaegeshwi. Ni neno moja hata kama ni refu na ubao ni mdogo.

Ukanushaji usirudiwe mara mbili. NI MARUFUKU KUTOTUPA TAKA HAPA maana yake usipotupa taka umevunja sheria. *Marufuku* yenyewe imeshakataza, inatosha.

4. L, R na H.

Sisi wengine tumezaliwa kwenye lugha ambazo L na R hazigombani, unatumia iliyo karibu. Ukiongea hakuna tatizo, tunaelewana. Ubaoni ni kesi. MAHARI PA KUEGESHA PIKIPIKI: mahari ni ng'ombe na pesa za ukweni, unataka *mahali*. MLANGO WA DHARULA ni *dharura*. Na wakati wa uchaguzi usikubali kazi bila kukagua mara tatu, kwa sababu KITUO CHA KUPIGIA KULA kitajaza watu wenye sahani.

H inayoanguka nayo ina kesi yake. APA NI MARUFUKU KUKOJOA: *apa* ni kula kiapo. Kama huna uhakika, fungua kamusi ya simu. Usimuulize jirani, jirani amezaliwa kijiji kimoja na wewe.

5. Faini iitwe faini.

KUKOJOA HAPA 50,000. Umeandika bei. Kuna watu watasimama, wasome, waseme ni ghali ukilinganisha na choo cha stendi, na waendelee kwa mkopo. Andika FAINI SH 50,000. Na kabla hujaandika kiasi, muulize mteja hiyo faini inakusanywa na nani. Kama hana jibu, mwambie aache namba kabisa, maana tishio la uongo nalo huchekwa. Mwenyekiti wa mtaa atamwambia mipaka yake.

6. Peleka karatasi kijiweni.

Hii ni hatua ya dakika tano na imeniokoa kuliko zote. Chukua maneno yako kwenye karatasi, nenda pale vijana wa bodaboda wanaposubiri abiria, mpe yule mwenye mdomo mchafu kuliko wote. Usimweleze ni ya nini. Mwambie asome kwa sauti. Akicheka, rudi hatua ya 2. Mtu mwenye heshima zake hafai kwa kazi hii, kwa sababu atasoma ulichokusudia. Unamtaka anayesoma ulichoandika.

7. Pima kabla ya kuchora.

Maneno yetu ni marefu na ubao una mwisho. Ndiyo maana mji mzima umejaa vibao ambavyo herufi zinaanza nene kushoto na kufika kulia zimebanana kama abiria wa Kibirizi siku ya gulio.

Hesabu hivi. Kila herufi ni 1, I ni nusu, M na W ni 1 na nusu, nafasi kati ya maneno ni 1. NYUMBA HII HAIUZWI: NYUMBA ni 6.5, HII ni 2, HAIUZWI ni 6.5, nafasi mbili. Jumla 17. Ubao wa futi 4 una sentimita 122, acha 8 kila upande, zinabaki 106. Gawa kwa 17, kila herufi pamoja na upenyo wake inapata sentimita 6 na kidogo. Ni nyembamba. Sasa weka mistari miwili, NYUMBA HII juu na HAIUZWI chini. Mstari wa juu ni 9.5, kila herufi inapata 11. Ubao uleule, herufi karibu mara mbili. HAIUZWI uiweke katikati kwa ukubwa uleule, usiivute ijaze.

Kwa urefu, herufi ya sentimita 10 inasomeka vizuri kwa mtu aliye mita 12 hivi. Mbali zaidi, ongeza.

Mstari uukate mahali ambapo mtu angevuta pumzi. Mama mmoja aliandikiwa hivi:

SUPU YA KUKU
NA WATOTO
TUNAWAKARIBISHA

Watu wengi huishia mstari wa pili.

Piga mistari kwa uzi na chaki, chora kwa penseli, rudi nyuma hatua kumi, soma. Ndiyo, tena.

8. Andaa bati, paka, subiri.

Bati jipya lina utelezi wa mafuta, ukipaka moja kwa moja rangi itabanduka kama ganda la ndizi. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kausha, piga msasa laini mpaka ule mng'aro upungue, praima, kisha mikono miwili ya rangi ya chini. Siku nzima kati ya mkono na mkono. Fanya kazi kivulini, na kiangazi uwe mbali na barabara ya vumbi, la sivyo kibao cheupe kitakuwa cha kahawia kabla hakijakauka.

Rangi: nyeusi juu ya njano, nyeupe juu ya bluu, nyeusi juu ya nyeupe. Nyekundu juu ya nyeusi inapendeza dukani kwenye kopo, ukisogea mita tano haipo.

9. Neno la kukataza lisiwe na rangi yake peke yake.

Hii nimejifunza kwa aibu. Zamani niliitwa kuandika kwenye ukuta wa nyumba moja ya wageni, nikaona nifanye ufundi. Ukuta mweupe, maneno HAPA SI CHOO, nikaandika HAPA na CHOO kwa nyeusi, SI kwa nyekundu ili ionekane sana. Ilionekana kweli. Lakini nyekundu ya kopo la bei ndogo hailingani na nyeusi mbele ya jua. Kiangazi cha kwanza SI ikawa ya waridi. Cha pili ikaondoka kabisa.

Mwenye nyumba akanipigia: "Fundi, njoo uone wateja wako." Nikafika nikamkuta mzee mmoja wa makamo amesimama pale kwa utulivu wake, anamalizia. Mwenye nyumba akaanza kufoka. Mzee akafunga zipu, akanyoosha kidole ukutani, akasema, "Mimi nimesoma, bwana. Au hamtaki watu wasome?"

Ukuta ulikuwa unasema HAPA CHOO, kwa herufi nzuri sana, mwandiko wangu.

Kwa hiyo SI, USI- na MARUFUKU vipakwe kutoka kopo moja na maneno mengine, vifutike pamoja. Na kama paa halina mfereji, usiweke neno la kukataza juu kabisa maji yanapodondokea. USI ikiliwa na mvua, kinachobaki ni KOJOE HAPA.

10. Kusimika.

Ukutani kwa mteja, sawa. Kando ya barabara, uliza kwanza. Barabara kuu na za mkoa, kama ile ya kwenda Kasulu, ziko chini ya TANROADS, na hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Za mitaani ni TARURA. Mabango ya biashara mjini, pitia manispaa. Na tafadhali usichore pembetatu nyekundu yako mwenyewe au kibao cha mwendo cha kubuni, hata kama madereva wanakukera. Alama za barabarani zina wenyewe.

Angalia jirani wa kibao. Chako kinaweza kuwa safi, lakini kikikaa kulia kwa kingine watu watavisoma kama sentensi moja. TUNAUZA NYAMA YA kwa mwenye bucha aliyeishiwa nafasi, pembeni yake DAKTARI WA MENO. Na mshale wa choo, simama uufuate kwa miguu yako uone unakufikisha wapi. Nimeukuta mmoja unaingia sebuleni kwa mtu.

Kicheko unachokitaka

Kuna vibao vinavyochekesha kwa makusudi, na hivyo ni heshima kwa fundi. "Leo pesa, kesho mkopo" inafanya kazi dukani miaka yote kwa sababu kesho yake haifiki. Kukataa kukopesha ni kugumu ana kwa ana, mtani wako au shemeji amesimama mbele yako. Ubao unakataa kwa niaba yako naye anacheka. Hapa kwetu niliandika kimoja nikakipenda: ANAYEKOPESHA AMEVUKA ZIWA, BADO HAJARUDI. Fupi, ya hapahapa, na haimtukani mtu. Ukianza kuita watu mbwa ukutani, wale uliowaandikia ndio watakaokojoa zaidi.

Kwenye hatari, utani acha. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi pale linapozidi, na sehemu nyingine unapiga hatua chache tu kutoka ufukweni chini hakuna chini. Andika HATARI. KINA KIREFU. USIOGELEE. Basi. Pia umeme, mashimo, dawa za kuua wadudu.

Yakiharibika

*Nimekosea herufi na rangi bado mbichi.* Kitambaa chenye thina, futa herufi hiyo tu, ngoja pakauke, gusia rangi ya chini, andika upya kesho. Usiandike juu yake leo.

*Imeshakauka.* Usikate kwa mstari na usichomeke herufi ndogo juu kama mwanafunzi. Paka mstari mzima rangi ya chini, mikono miwili, uandike upya. Kiraka cha herufi moja kinaonekana kutoka Mwandiga.

*Nafasi imeisha kabla ya neno.* Hukupima. Rudi hatua ya 7. Kurusha silabi ya mwisho mstari wa chini, HAIRUHU juu na SIWI chini, hakukubaliki.

*Rangi inabanduka.* Utelezi wa bati. Kwangua, osha, msasa, praima. Hakuna njia ya mkato.

*Maneno ni sahihi na watu bado wanakojoa.* Kibao hakijawahi kushinda kona yenye giza. Mwambie mteja aweke taa, au genge. Mahali penye mama anayeuza nyanya hapakojolewi.

*Mteja ameng'ang'ania kosa lake.* Mwonyeshe karatasi yake, mweleze mara mbili, asaini, uandike anavyotaka. Ila usiweke namba yako ya simu kwenye kona ya kibao hicho.

*Kimeshachekwa, picha imeshasambaa.* Kama ni hatari au bei, kirekebishe leo, bure, hata kama kosa ni la mteja. Kama ni biashara tu, muulize mwenyewe kwanza. Yule wa kuku nilimfuata na ngazi na kopo la rangi nikiwa tayari kumuongezea *i* yake. Akanizuia mlangoni. Watu wanatoka Ujiji, anasema, wanapiga picha na kibao, halafu wanaona aibu kuondoka bila kuku.